Shingo ya Pikipiki ya Shemeji

Sabuni ndiyo iliyonifungua macho. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya pikipiki uani kwetu Nyamasaria, nikitafuta harufu ya petroli inakotoka, nikapitisha kidole chini ya tangi na kidole kikarudi kimejaa uteute wa bluu. Nikanusa. Sabuni ya mche, ile ya kufulia. Mtu alikuwa ameona tangi linavuja, akachukua kipande cha sabuni, akakisugua kwenye ufa mpaka ukaziba, kisha akapaka rangi nyeusi juu yake na kumuuzia mtu mwingine. Huyo mtu mwingine ni mimi. Mtu wa sabuni ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu.

Walimu wenzangu shuleni waliniuliza, wewe uliyekulia kwenye gereji ya baba yako mdogo kule Obunga, ulinunuaje pikipiki bila kuikagua? Walikuwa wananicheka, na walikuwa na haki. Lakini wengi wao ni Wajaluo kama mimi, na nilipowaambia nimeinunua kwa wakwe, waliacha kucheka wakatikisa vichwa.

Kwetu, mwanamume akienda kwa wakwe huwa mgeni mpaka kufa. Unakaa wima kwenye kochi ulilopewa. Unakula kinachowekwa mbele yako na hukaribii jikoni. Mama mkwe anakusalimu kutoka mbali kidogo, na ukimwona anapita unampisha njia, msije mkagusana hata mabega. Nilikuwa nimeoa miaka mingi na sikuwahi kuongea na yule mama maneno yaliyozidi afya, mvua na watoto. Alinipenda, najua, kwa jinsi alivyonipimia samaki. Nami nilimpenda. Mapenzi yetu yalikaa kila moja upande wake wa chumba.

Siku ya kuchukua pikipiki, shemeji aliileta mbele ya mlango kwao Kadibo, karibu na ziwa, imeoshwa inang'aa. Chai ikaletwa. Mzee mmoja, ndugu ya marehemu baba mkwe, akasimama akaiombea pikipiki na atakayeiendesha. Sasa niambie, baada ya maombi hayo, ningeinama na kutia kidole chini ya tangi? Ningeomba spana? Kumkagulia shemeji kitu chake mbele ya mama yake ni sawa na kumwita mwizi sebuleni kwao. Nikapokea ufunguo kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaenda nayo nyumbani.

Ndiyo maana sabuni ilinitisha. Kila asubuhi mke wangu alikaa nyuma yangu kutoka Nyamasaria mpaka soko la Kibuye, anakouza nguo za mtumba za watoto, na barabara yetu ni ile ya Nairobi, ya malori. Alikuwa na tabia ya kuegemeza shavu mgongoni kwangu na kusinzia. Nilikuwa nimembeba hivyo kiangazi kizima, petroli ikizuiwa na sabuni. Nikajiuliza, kama ameziba tangi hivi, breki ameifanyaje? Nikaamua kuifungua pikipiki yote, nati kwa nati, kila nitakapopata nafasi.

Shemeji ni mtu wa imani. Aliamini hakuna kitu duniani kisichofungika kwa mpira wa tyubu. Alikata tyubu kuukuu vipande virefu vyembamba, akafunga taa, akafunga betri, akafunga hata bomba la moshi, mahali ambapo mpira unaungua kila siku, na nadhani kila ulipoungua aliongeza mwingine. Nyaya za umeme alizisokota kwa vidole na kuzivisha karatasi ya mkate, ndiyo maana ukipiga honi taa ya nyuma ilizimika. Nilipofungua gurudumu la nyuma, ndani kabisa, mahali pa zile raba zinazopokea mtikiso wa cheni, nilikuta ndala. Ndala ya bluu imekatwakatwa kwa kisu, alama ya kisigino bado inaonekana.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwita mke wangu aje aone.

"Hii ndala nimeitafuta tangu Krismasi!" akasema. "Nilitoka kwa Mama na moja."

Tukacheka wote wawili. Nadhani hiyo ndiyo mara ya mwisho pikipiki ile kutuchekesha, kwa sababu jioni hiyo hiyo nilifika kwenye breki. Fimbo inayovuta breki ya nyuma hushikwa na pini ndogo. Pini haikuwepo. Palikuwa na msumari wa mabati uliokunjwa, umelika katikati hadi umebaki mwembamba kama njiti ya kiberiti. Nikaubonyeza kwa kidole gumba, ukakatika.

Nikamwonyesha. Hakucheka.

"Wewe unamtafutia makosa," akasema.

"Siyatafuti. Yananitafuta mimi."

"Alikuwa boda, Baba. Boda akienda kwa fundi leo, watoto hawakuli leo. Unafunga na chenye uko nacho unaendelea. Si eti ni ubaya."

Alikuwa anasema kweli, na nikalegea kidogo. Nimewaona bodaboda wa stendi yetu. Pikipiki haipumziki, na mwenyewe hapumziki. Lakini kuna tofauti kati ya kujifungia wewe mwenyewe msumari na kumfungia dada yako. Hilo sikulisema. Nililimeza, likakaa vibaya.

Baadaye nikagundua pikipiki inavuta kushoto. Kidogo sana, kiasi cha mtu kudhani ni upepo. Nikafikiri gololi za shingo zimelika, zile gololi zinazofanya usukani uzunguke. Shingo ni kile kipande cha bomba la fremu kilicho mbele, chini ya usukani, kinachobeba gurudumu la mbele lote. Kwenye shingo hiyo shemeji alikuwa amezungusha tyubu, tabaka juu ya tabaka, kwa unadhifu ambao sikuuona mahali pengine popote, na nyaya zimepenyezwa chini yake, utadhani kazi ya mpira ule ni kuzishika nyaya. Unadhifu huo ndio ulionitia wasiwasi. Nikachukua wembe nikaikata tyubu.

Chini ya mpira palikuwa na rangi. Chini ya rangi palikuwa na ile simenti ya kujazia miili ya magari. Nikaigonga na spana ikabanduka kama ganda la yai, na chini yake nikaona mahali palipochomelewa, madonge juu ya madonge, ugali uliopikwa na mtu aliyeitwa nje katikati ya kusonga. Pembeni mwa donge la mwisho palikuwa na kitu kama unywele. Nikapaka mafuta ya taa, nikapangusa, nikasugua chaki juu yake. Chaki mimi hutembea nayo. Nikangoja. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yakatoka taratibu na kuchora mstari kwenye chaki, mstari uliozunguka bomba zaidi ya nusu.

 Nilikaa pale pale juu ya oili iliyomwagika. Tangi likivuja unanusa. Breki ikikataa unaburuta miguu. Shingo ikikatika haikuambii. Gurudumu la mbele linakwenda zake na ninyi mnabaki hewani, mbele ya lori. Nikaliona lile shavu lililosinzia mgongoni kwangu. 

"Njoo uone," nikamwambia mke wangu, na kabla sijajizuia nikaongeza, "Ndugu yako ametuuzia kifo."

Aliinama akautazama ule mstari muda mrefu. Kisha akachukua simu akampigia, kwa sababu mimi singeweza. Lawama haitoki kwa mkwe. Akaweka sauti nje nisikie.

"Hiyo kitu iko sawa, dada," shemeji akasema. "Ilipata ufa kidogo nikachomea. Mimi nimebeba watu wawili na gunia ya omena na haina shida. Huyo bwana yako anapenda kufunza watu hata kama si darasa."

"Ilivunjikia wapi?"

"Mashimo tu. Barabara ya huku si unaijua? Dada, niko na kazi." Akakata.

Mke wangu alikaa na simu mkononi. Nilitaka aseme kwamba nina haki. Badala yake akasema, "Lakini hilo neno la kifo, usirudie tena." Sikulirudia. Yeye ndiye aliyemwambia dada yake, usiku wakizungumza mambo yao, na dada yake akamwambia mtu, na kabla ya wiki kwisha Kadibo nzima ilijua kwamba mwalimu wa Nyamasaria anasema wakwe zake wanataka kumuua. Yule mzee aliyeiombea pikipiki alinipigia simu akauliza kama ni kweli nimesema hivyo. Nikamwambia ni kweli, lakini njoo uone shingo. Akasema hakuuliza habari ya shingo.

Basi nikawa na pikipiki iliyovunjika na ukweni kulikovunjika, na nilijua kutengeneza kimoja tu.

Nikatoa injini, tangi, magurudumu, kila kitu, mpaka ikabaki mifupa. Nikasaga madonge ya shemeji yote mpaka nikafika kwenye chuma safi. Mwisho wa ufa nikatoboa tundu dogo, ili ufa ukifika hapo usiwe na pa kwenda. Nikaipeleka fremu mpaka vibanda vya wachomeleaji nyuma ya soko, nikamsimamia mchomeleaji mpaka akaniuliza kama nataka kushika moto mwenyewe. Tukachoma kidogo, tukaacha ipoe, tukachoma kidogo. Tukaongeza vibati vinene pande zote mbili. Niliporudisha magurudumu nilivuta uzi kutoka la nyuma hadi la mbele kuona kama yako kwenye mstari mmoja. Yalikuwa.

Mke wangu hakuipanda. Alisimama barabarani kila asubuhi akasimamisha boda wa watu wengine, ambao shingo za pikipiki zao Mungu anazijua, na akanipungia mkono. Mimi nilifunga gunia la mchanga pale alipokuwa akikaa, nikaipeleka pikipiki kwenye matuta na mashimo yote ya njia ya shule. Kila jioni mafuta ya taa, kitambaa, chaki. Mstari haukutokea. Lakini mchanga ni mchanga, na chuma hakikupi hakikisho. Leo kiko sawa, na kesho ni habari nyingine. Sikuwa nimethubutu kumbeba mtu.

Mvua za masika zikaanza. Mama mkwe alikuwa amevimba miguu na kulalamika kifua, kwa hiyo mke wangu akaenda Kadibo kukaa naye. Jumapili, watu wakitoka kanisani, akanipigia.

"Baba, kuja na pikipiki. Mama hawezi pumua."

"Gari je?"

"Gari tumeita iko kwa lami, imekataa kuingia. Maji imejaa kwa barabara. Na boda zote zimeenda kuzika mwenzao, hakuna hata moja kwa stendi." Nilijua maana yake. Bodaboda akifa, stendi nzima humsindikiza, honi zikilia, mpaka kaburini, na hawarudi mapema. "Hiyo yako iko sawa?"

"Iko sawa," nikasema. Sikuwa na hakika hata nusu.

Kutoka lami kuingia kwao ni udongo mweusi, ule unaoshika gurudumu na kuligeuza kuwa keki. Nilikwenda miguu chini, nikiteleza, maji ya mashamba ya mpunga yakikata njia mara kwa mara, na masikio yangu yote yalikuwa kwenye shingo. Nilifika nimelowa mpaka kifuani.

Mama mkwe alikuwa barazani kwenye kiti, ameegemea mbele, mikono magotini, akiinua mabega kwa kila pumzi kama anayenyanyua debe la maji. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Mke wangu alikuwa amepiga magoti kando yake. Yule mzee wa maombi alikuwepo, na shemeji pia. Hatukuwa tumeonana tangu ile simu.

Shemeji akanyoosha mkono. "Leta ufunguo."

Nilijua kwa nini. Mama hakuweza kukaa peke yake. Ilibidi mmoja awe mbele, yeye katikati, na binti yake nyuma amshike. Maana yake kifua chake kingelala mgongoni kwa dereva na mikono yake ingemzunguka. Mtoto wake anaweza kushikwa hivyo. Mkwe hawezi.

"Mwalimu, mpe kijana," mzee akasema. "Hiyo haifanyikangi. Mama mkwe hawezi kukushika hivyo."

Nikaukaza ufunguo mkononi. Niliogopa, na naweza kusema niliogopa nini. Shemeji huendesha kana kwamba kila shimo limemtusi. Pikipiki aliyoijua haikuwepo tena. Breki aliyozoea kuikanyaga kwa uzito wote sasa ilikuwa inashika, na akiikanyaga hivyo kwenye tope, gurudumu lingegoma na wote wangekwenda chini. Na shingo. Ikikatika chini yake, nimempoteza mke. Ikikatika chini yangu, nimewaua wawili kwa mikono yangu mwenyewe, na juu ya hayo nimemgusa mama mkwe.

"Breki siku hizi inashika," nikamwambia. "Utawaangusha."

"Mimi nimeendesha hii kitu kabla wewe ujue kuiwasha."

"Na ndiyo maana ilivunjika."

Nilisema hivyo mbele ya mama yake, mbele ya mzee, uani kwao. Shemeji akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. Mzee akasema jina la Mungu. Mke wangu akaruka akasimama katikati yetu.

"Nyinyi wawili! Mama anakufa na nyinyi mnasemezana!"

Mama akainua mkono mmoja kutoka gotini. 

"Nani aliitengeneza?" akauliza kwa Kijaluo, neno moja kwa pumzi moja.

Kila mtu alijua ni swali la hatari. Mwishowe mke wangu akasema, "Ni mwalimu, Mama."

"Basi yeye."

Mzee akaanza kusema kitu kuhusu mila. Mama hakumtazama. "Nitaomba msamaha," akasema, "nikipona."

Shemeji ndiye aliyembeba na kumweka kwenye kiti cha pikipiki, kwa sababu ni yeye aliyekuwa na ruhusa ya kumbeba. Alimbeba kwa upole ambao sikuwa najua anao. Mke wangu akapanda nyuma na kumfunga mama yake kwenye mwili wake kwa leso, ile kanga aliyojifunga, vile mtu anavyomfunga mtoto mgongoni, ila kifuani. Kisha ile mikono ikanizunguka tumboni. Ilikuwa ya baridi. Miaka yote ile sikuwahi kujua mkono wa mama mkwe una uzito gani.

Tukaondoka. Shemeji alitembea nasi upande mmoja, ameshika chuma cha nyuma, akisukuma palipozama. Nilikaa kwenye gia ya kwanza. Sikuthubutu kwenda haraka, na sikuthubutu kusimama, kwa sababu ukisimama kwenye udongo ule huondoki tena. Kila mara gurudumu la mbele lilipodondoka kwenye mfereji nilisikia kitu kikisema tik, na sikujua kama ni nyaya, au gololi, au ni vile vibati vyangu. Nilikuwa nahesabu pumzi za mgongoni kwangu. Zikichelewa, nami nilisahau kupumua. Mke wangu alikuwa anaomba kwa sauti kule nyuma, na injini ikiyameza maneno yake.

Tulipita mkondo wa kwanza, maji mpaka kwenye magoti ya shemeji. Tukafika kwenye kipande kibaya kuliko vyote, ambako malori ya mchanga yalikuwa yamechimba mitaro miwili na kuacha tuta katikati. Nilipanda juu ya tuta. Hapo ndipo nikasikia mdomo wake karibu kabisa na sikio langu.

"Mwalimu."

"Mama, usiongee. Tunza pumzi."

"Hii pikipiki." Akavuta pumzi. "Ilivunjika na mimi."

Gurudumu likateleza, nikalirudisha.

"Nilikuwa nyuma ya kijana. Kutoka zahanati." Pumzi. "Iligawanyika hapo mbele. Tukaanguka mtaroni." Pumzi ndefu, yenye mluzi. "Kiuno changu. Huyu binti wa nyuma, nilimwambia niliteleza kisimani."

Sikuweza kugeuka. Sikuweza hata kufumba macho.

"Nilijua siku ulipoichukua," akasema. "Ningekuambiaje?"

Hasira ilinipanda mpaka nikahisi masikio yanawaka. Alijua. Alikuwa amenimiminia chai na alijua. Binti aliyemzaa mwenyewe alisinzia mgongoni kwangu kila asubuhi juu ya bomba lile, malori yakitupita, na yeye alijua, akakaa upande wake wa chumba kwa sababu ya adabu. Nilitaka kusimamisha pikipiki katikati ya tope na kumuuliza, Mama, adabu gani hiyo? Na wakati huo huo mikono yake ilikuwa imenishika shati kwa vidole vyote, kama mtu aliye majini, na nikajua kwamba jibu ninalo. Mimi ningesemaje, kama ningekuwa yeye? Angenifuata uani? Angenivuta kando? Mimi mwenyewe sikuinama kutazama chini ya tangi. Adabu hiyo hiyo.

Hasira haikuondoka kwa kulijua hilo. Ilibaki, ikakaa na huruma kiti kimoja.

"Mama," nikasema, "nishike vizuri."

Akanishika. Nikashuka kwenye tuta kwa upande wa kulia, gurudumu la mbele likadondoka mtaroni kwa uzito wetu wote watatu, nikasikia tik, kisha kishindo, na kwa kitambo kidogo usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu na nikasema moyoni, basi, ni leo. Kisha ukawa mzito tena. Shemeji akapiga kelele huko nyuma akisukuma, tukapanda. Mbele niliona lami, na gari jeupe, na mtu aliyekuwa ameketi juu ya boneti akiruka chini kutufungulia mlango.

Hospitalini walimwekea hewa. Sijui niseme nini zaidi kuhusu hapo. Tulikaa kwenye benchi, watu wakapita. Nilikuwa nimelifuata gari kwa pikipiki, tope likinikaukia mwilini. Daktari alikuja akasema moyo umechoka, mapafu yana maji, lakini mmemleta kabla ya kuchelewa. Mke wangu alilia wakati huo, si kabla. Nikamshika mkono.

Kupitia dirishani niliona shemeji amefika, kwa miguu na kwa gari la watu, matope mpaka mapajani. Hakuingia moja kwa moja. Alikwenda kwanza pale nilipoegesha pikipiki, akachuchumaa, akaingiza mkono chini ya usukani, akaipapasa shingo yote kuzunguka, polepole. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akaja, akauliza habari ya mama, akaambiwa, akasimama mbele yetu akiegemea ukuta. Hakunitazama.

Mke wangu alijifuta macho kwa ncha ya ile leso.

"Mama alikuwa anakuambia nini njiani?" akaniuliza. "Nilisikia anaongea, lakini injini."

Shemeji akainua uso. Sijawahi kuona mtu mzima akinitazama hivyo. Hakuomba kwa mdomo, lakini kila kitu usoni kwake kilikuwa kinaomba. Nilikuwa na neno moja tu la kusema ili haki yangu yote inirudie, kwake na kwa mzee na kwa Kadibo nzima.

"Alisema niende polepole," nikasema.

Mke wangu akacheka kidogo, cheko la kwanza siku hiyo, akaniegemea begani.

"Mama na uoga wake wa pikipiki," akasema. "Sijui hata aliutoa wapi."